Siku Sanamu Ilipotikisika

Kaeni vizuri, akina mama, na mwenye mtoto wa kulia amnyonyeshe sasa. Kabla hatujataja nia zetu na kuanza rozari, nina mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msigeuke kumtazama jirani mkidhani ndiye ninayemsema. Na kama mfano utamchoma mtu, akae nao.

Mfikirieni mama mmoja, katika mji kama huu wetu, kwenye jumuiya kama hii yetu. Mtoto wake wa kwanza alibatizwa Edeltruda, nyumbani wakamwita Truda, na mama mwenyewe mtaa mzima ukamwita Mama Truda. Baba yupo. Ni dereva wa malori, na siku za mfano huu alikuwa safarini. Akina baba mtanisamehe, leo hamna kazi.

Truda alimaliza kidato cha nne, na kabla matokeo hayajatangazwa, tumbo likawa limeshaonekana. Mama yake ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Mnajua aibu ya namna hiyo inavyomkaa mtu kooni. Akachukua begi la binti, akafungua mlango wa mbele, akalirusha barazani mchana kweupe, majirani wanatazama.

"Nenda kwa huyo aliyekujaza," akasema. "Humu ndani tumetundika Moyo Mtakatifu ukutani. Hapakai uchafu."

Msishtuke bado. Haya hutokea kila mwaka na hakuna anayeshtuka. Akiba yenu ya mshtuko itunzeni.

Binti akaokota begi, akaenda. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Hasira ya mama ilikwisha mapema, kama ya wengi wetu. Kilichobaki ni kutojua aanzie wapi. Kisha akatokea mtu aliyerudi kutoka machimboni, akasema amemwona Truda huko: amekonda, anauza ndizi za kuchoma kando ya barabara, mtoto mgongoni. Tangu hapo mama hakulala vizuri. Akipika anaacha jiko linaungua. Akianzisha wimbo kanisani sauti inakatika katikati.

Sasa niambieni, mama huyo alifanya nini? Alipanda basi kwenda machimboni? Hapana. Alimwomba yule mtu amtafutie namba ya simu? Hapana. Alikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, akasema, "Naomba mje kwangu mnisaidie novena. Namtaka mwanangu."

Alimtaka kweli. Hilo shikeni mpaka mwisho, maana kuna mahali mtaanza kulitilia shaka.

Mama Mwenyekiti, na huyu tutamwita hivyo hivyo kwa cheo chake, alikuwa mwanamke wa kazi. Alihangaika parokiani mpaka sanamu ya Bikira Maria, ile inayozunguka nyumba kwa nyumba, ikasogezwa zamu, ikapangiwa kukaa kwa Mama Truda novena nzima, siku tisa. Kila siku saa tisa alasiri. Akaja mwenyewe kupanga sebule.

Na sebule zetu mnazijua. Makochi makubwa kuliko chumba, kabati la vyombo visivyotumika, friji, televisheni, na katikati meza ya kioo ambayo haivumilii chochote. Wakazunguka na meza ya mbao wakitafuta pa kuiweka.

"Hapa kwenye kabati?"

"Bikira Maria akae na vikombe? Hapana."

"Basi dirishani."

"Pazia litashika moto wa mshumaa. Weka hapa, mlangoni. Wote tutapitia uani."

"Mlango wa mbele, Mama Mwenyekiti? Na mgeni akija?"

"Mgeni gani wa saa tisa, mama? Wageni wote watakuwa humu ndani wanasali."

Ikapita. Meza ikasukumwa mpaka ikaushikilia mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyepesi, bawaba zimelegea, wa kufungukia ndani. Wakatandika kitambaa cheupe cha kufuma, wakapanga maua, wakaweka mishumaa huku na huku, na katikati wakamsimamisha Bikira Maria, mikono ameifungua, mgongo ameupa mlango. Ilipendeza. Nasema kweli, mngeiona mngepiga picha.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama mmoja Mwislamu, Mama Mwanaidi, anakaanga vitumbua mbele ya nyumba yake. Jirani wa kuazimana chumvi. Siku ya pili ya novena alizunguka uani na ungo mkononi, akaita, "Hodi! Nimerudisha ungo wenu!"

Mama Mwenyekiti akatoka kidole kikiwa juu. "Dada yangu, watu tuko mbele ya Mama wa Mungu, wewe unatuletea ungo?"

"Nisamehe, mwenzangu. Nilidhani mnaimba tu."

"Hatuimbi tu. Novena ikikatizwa inaanza upya. Usitukatize tena."

"Haya, jamani, sikatizi tena. Na ungo?"

"Weka hapo chini!"

Akina mama ndani wakacheka wamejiziba na kanga. Lakini mimi nauliza: nani alimwambia Mama Mwenyekiti kwamba sala ikikatizwa inaharibika? Siyo katekista. Siyo paroko. Ni yale mambo tunayofundishana wenyewe uani tukichambua mchele, halafu tunayabeba kana kwamba yalishuka na malaika.

Siku zikaenda. Ikafika ya tisa.

Siku hiyo sebule ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mama Truda alivaa sare yake, ameipiga pasi. Akapiga magoti karibu kabisa na meza, akataja nia yake kwa sauti kubwa, maana siku ya mwisho mtu hajibani: "Ee Mama Maria, nirudishie Edeltruda! Popote alipo, mguse moyo, mwonyeshe njia ya nyumbani! Nirudishie Edeltruda na mtoto wake!"

Wakasali rozari. Wakaingia kwenye litania, kiongozi anataja, wote wanaitikia, "Utuombee." Mnajua litania ikikolea inavyokuwa. Chumba kizima kinakuwa mtu mmoja.

Hapo ndipo moto wa mshumaa ukacheza.

Mama mmoja akaona, akanyamaza. Maua yakacheza. Halafu sanamu yenyewe, mbele ya macho yao, ikatikisika. Ikatulia. Ikatikisika tena, mbele na nyuma, kama mtu anayekubali jambo kwa kichwa.

"Yesu na Maria!"

"Ametikisika! Mmeona? Ametikisika!"

"Anaitikia! Amekubali ombi! Mama Truda, amekubali!"

Vigelegele vikapasua bati. Mwingine akalia, mwingine akaanguka, mwingine akapanda kochi ili aone. Na kadiri walivyopiga vigelegele, ndivyo sanamu ilivyozidi kutikisika, mpaka mshumaa mmoja ukaanguka, Mama Mwenyekiti akaudaka na nta ikamwagika mkononi asiisikie. Mama Truda alilala kifudifudi sakafuni, ameshika mguu wa meza kwa mikono miwili, anapaza sauti, "Edeltruda! Edeltruda! Asante, Mama! Edeltruda!"

Na katikati ya kelele hiyo mama mmoja aliyekuwa pembeni akasema, "Tulieni! Nasikia mtoto analia. Hamsikii? Mtoto mdogo analia!"

"Ni Mtoto Yesu!" akajibu mwingine. "Amekuja na Mwanae!"

Wakapandisha wimbo. Wimbo wa ubeti mrefu, wa makofi. Ulipokwisha, sanamu ilikuwa imetulia. Imesimama kama ilivyosimama siku zote, na aliyekuwa akilia halii tena. Wakasema, sala imefika.

Mnanitazama. Wengine mmeshajua. Lakini wale wa sebuleni hawakujua, na msiwacheke, maana mliomo humu mnapenda ishara kuliko wao.

Wakatoka mbio kupitia uani kuutangazia mtaa. Mwenye simu akapiga simu, asiye na simu akapiga kelele. Kabla ya jua kuzama, uani palikuwa pamejaa watu: vikongwe wa kushikwa mkono, watoto wenye homa, mama mmoja na mume wake mlevi amemkamata shati ili akaguse kitambaa cha meza. Mama Truda anakumbatiwa, anapongezwa, analia kwa furaha.

Mama Mwanaidi akajipenyeza mpaka akamfikia. Akamshika kiwiko, akamvuta kwenye kona ya jiko la mkaa.

"Mama Truda, mbona mmefanya vile?"

"Vipi?"

"Mbona hamkumfungulia mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Truda! Truda amekuja, yuko na mtoto mgongoni! Amesimama pale mlango wa mbele anagonga, anagonga, nyie mnapiga vigelegele!"

Mama Truda alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo iliyofunikwa.

"Unasema nini?"

"Nasema nilichokiona. Aligonga kwa vidole, mwisho akagonga kwa ngumi. Akasukuma kwa bega. Nikamwambia, zunguka uani. Akasema, 'Nimetolewa kwa mlango huu, na wananisikia. Si wanalitaja jina langu?' Mtoto akawa analia. Nikampa kitumbua. Naye Truda akasimama anawasikiliza mnavyoita Edeltruda, Edeltruda. Halafu akaniambia, 'Bi mkubwa, mama yangu anataka kuniombea. Kuniona hataki.' Akaenda stendi kungoja basi la jioni."

"Na wewe!" Mama Truda akafoka. "Kwa nini hukuja kutuambia?"

"Mlinikataza!" Mama Mwanaidi naye machozi yakamtoka. "Mlisema nikikatiza mnaanza upya! Nilijua ni mwiko wenu! Mara tatu nimevuka barabara, mara tatu nikarudi na miguu yangu!"

Akina mama, sasa shtukeni. Mungu alijibu. Mimi naamini alijibu, na msiuondolee mfano wangu maana kwa kusema novena ni kazi bure. Siku ya tisa, katikati ya litania, Mungu alimleta Edeltruda na mtoto wake mpaka mlangoni, kama alivyoombwa, neno kwa neno. Na mlango haukufunguka kwa sababu tulikuwa tumeuzuia kwa Bikira Maria. Mama wa Mungu, aliyemkubalia Mungu aingie duniani, tulimfanya komeo. Mtoto akigonga, sisi tunaona muujiza. Mtoto akilia, sisi tunasema Mtoto Yesu. Kuna kitu gani tungeonyeshwa tukakielewa?

Lakini hapo sipo mfano unapoishia. Laiti ungeishia hapo, ningesema ni bahati mbaya, tukasikitika, tukaendelea.

Mama Mwanaidi alikuwa na namba. Truda alimwachia: "Mama akiuliza, mpe. Asipouliza, ifute." Mama Truda akatoa simu kwenye pindo la kanga, akaanza kuandika namba. Mama Mwenyekiti akatokea.

"Unampigia nani? Watu wanakuita, wanataka usimulie."

"Alikuwa Truda, Mama Mwenyekiti. Aliyetikisa meza ni Truda. Alikuwa anagonga."

Mama Mwenyekiti akamtazama Mama Mwanaidi, akamtazama Mama Truda, akautazama umati uani. Hakuwa mwanamke mbaya. Nimewaambia alikuwa wa kazi. Lakini mkono wake ulikuwa bado na nta, na nusu ya mji ilikuwa imeshaambiwa.

"Nani mwingine amesikia haya?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza. Mle ndani kuna mgonjwa aliyebebwa kwenye kiti. Nenda ukamwambie alichofuata ni mlango mbovu. Utaweza?"

Mama Truda akaiinamia simu yake.

"Na ukisema, utasemaje? Kwamba jumuiya nzima, na wewe mama mzazi, mlimwacha binti na mwanawe juani mkimpigia vigelegele? Watu watatucheka mpaka parokia ya jirani."

"Bado yuko stendi, Mama Mwenyekiti. Nikipiga sasa hivi atarudi."

"Ndiyo. Atarudi, apite katikati ya watu hawa wote, na wa kwanza kumuuliza umefika saa ngapi atajua kilichotikisa meza. Mpigie, nani amekukataza? Ni mwanao. Lakini mpigie Jumatatu. Jumapili tutoe ushuhuda kwanza, mambo yatulie. Siku chache tu. Amekaa huko miaka, atashindwa siku chache?"

Mbele yake simu, namba imeshaandikwa, imebaki kubonyeza. Kule stendi basi linaita abiria. Na uani watu wanaimba jina la mwanawe.

Mama Mwanaidi akasema, "Bonyeza, mwenzangu. Bonyeza, wallahi mimi nitakwenda kumpokea mwenyewe."

Mama Truda akairudisha simu kwenye pindo la kanga. Akainuka kwenye ndoo, akafuta uso, akaenda kusimulia.

Msinipigie mdomo. Nyie mnadhani alikuwa hampendi? Alikuwa amefunga na kusali siku tisa kwa ajili yake! Ndiyo maana nilisema shikeni lile. Alimpenda, alimtaka arudi, na siku hiyo hiyo aliogopa kurudi kwake, kwa sababu mtoto akiingia, muujiza unatoka. Akachagua. Si kwa ubaya, kwa uchovu na kwa aibu, vile vile alivyolirusha begi. Aibu ile ile, ila safari hii imevaa sare na rozari shingoni.

Jumapili akashuhudia kwenye jumuiya. Paroko alikuwa vigangoni, hakuwepo wa kuuliza maswali. Akasimama akasema, "Nimeona kwa macho yangu Bikira Maria akitikisika," na hapo hakusema uongo, maana alitikisika. Mnaona tunavyoweza? Watu wakapiga makofi. Na habari za namna hiyo haziombi nauli. Zikapanda mabasi na wachuuzi, zikafika mpaka machimboni.

Jumatatu akapiga. Alipiga akiwa sebuleni, kwa sababu nyumba yake haikuwa tena na chumba kitupu. Kulikuwa na wanawake wamekaa wanasubiri zamu ya kugusa kitambaa, na simu yake ni ya zile za sauti kubwa, anayeongea upande wa pili anasikiwa na chumba kizima.

"Haloo," Truda akapokea. Mtoto analia nyuma yake.

"Truda. Mimi mama."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mtoto hajambo?"

"Hatujambo. Mama, huku wanasema Bikira Maria alikutembelea."

Wanawake sebuleni wakasogea. Mmoja akanong'ona, "Ndiye huyo Edeltruda? Yule aliyeombewa? Sifa kwa Mungu!"

"Ndiyo, mwanangu," mama akasema. "Tulikuwa tunakuombea."

"Nilisikia. Wanasema ilikuwa saa tisa, siku ya mwisho."

"Ndiyo."

"Wanasema sanamu ilitikisika."

Mama akawatazama wale wanawake. Wote wanamtazama yeye, wanatabasamu, wanasubiri. Mmoja amepakata mtoto mwenye degedege.

"Mama? Ilitikisika yenyewe?"

Hapo alikuwa na nafasi, akina mama. Mungu ana subira kuliko sisi: alimletea mtoto mlangoni, akamletea namba mkononi, na sasa alikuwa anamletea swali sikioni. Neno moja tu. Hapana. Hapana, mwanangu, ulikuwa wewe, na mimi ni mjinga, panda basi uje, au nikufuate.

"Ndiyo," akasema. "Ilitikisika yenyewe."

Truda akasema, taratibu, bila hasira kabisa, "Mkono wangu bado umevimba, mama."

Simu ikakatika. Akapiga tena, namba haipatikani. Akapiga kesho yake, haipatikani. Wanawake wakamuuliza, "Mkono umefanyaje? Anarudi lini?" Akawaambia mtandao ni mbaya huko machimboni.

Huo ndio mfano wangu. Umekwisha, na Truda hakurudi.

Sasa sisi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuwaza kwamba nasema tuache sanamu, tuache novena, twende tukasali kwa wale walokole wa spika kubwa. Sijasema hivyo. Sanamu haikumkosea mtu. Iliwekwa mahali ilipowekwa na watu wazima wenye akili zao. Hatuiabudu plasta; tunamheshimu yeye tunayemkumbuka tukiitazama. Na yeye ni nani? Ni mama aliyempoteza Mwanae safarini. Alipogundua hayupo, alikaa chini akaanzisha litania? Alirudi njia nzima kwa miguu, akauliza watu, akatafuta mpaka akampata hekaluni, na alipompata akamwuliza mbele ya walimu wote bila kujali wataionaje familia yake. Huyo ndiye tunayemwita Mama yetu. Tunamwomba atuombee, halafu yale aliyoyafanya mwenyewe tunamwachia ayafanye kwa niaba yetu?

Sala ni njema. Lakini angalieni tunavyoitumia. Ukikosana na dada yako, ni rahisi kumtaja kwenye nia kuliko kumpigia. Kwenye nia hakujibu. Kwenye nia hakuulizi kwa nini ulisema vile. Unamtaja, unalia kidogo, wenzako wanakuitikia, unajisikia umefanya jambo. Mtu anaweza kuombewa miaka kumi na watu wasiotaka kumwona hata dakika moja. Tunamweka pale, tunawasha mshumaa, tunamheshimu kama marehemu. Na akitokea mwenyewe, na njaa yake, na mtoto wake, na maneno yake makali, tunaona anatuvurugia ibada.

Wangapi humu tuna Edeltruda? Msinyooshe mikono, simkagui mtu. Mkwe uliyemwambia asije msibani. Mtoto wa kiume uliyemwambia asiguse mlango wako mpaka aache pombe. Mama mzazi, ndiyo, na huyo yupo, anayekaa kijijini anasikia kwa watu kwamba unamwombea. Wiki iliyopita hapa hapa tulitaja majina, tukaitikia wote kwa sauti nzuri. Nani tangu siku ile amempigia aliyemtaja?

Huo ukimya ndio unaonitisha. Mfano ni wa kutunga, huo ukimya sikuutunga.

Na kitu kingine, nakisema kwa uwazi kwa sababu sote tumechoka na hakuna anayetaka kuzungushwa. Kama umeshakosea, kama umemfungia mtu nje huku ukisali, usitafute ushuhuda wa kufunika. Aibu ya kusema "nilikosa" ni ya siku moja. Mama Truda alikwepa aibu ya alasiri moja, akalipa kwa mtoto. Nani kati yetu angekubali biashara hiyo akielezwa bei mapema? Na bado tunaifanya, kwa sababu hakuna anayetueleza bei mapema. Leo mmeelezwa.

Kwa hiyo leo hatuanzi rozari sasa hivi. Mama Mwenyekiti wetu atanivumilia, nimemwomba ruhusa na amekubali, ingawa uso wake mnauona. Kila mwenye mtu aliyetaka kumtaja leo kwenye nia, atoe simu, atoke nje, ampigie. Asiye na salio achukue simu yangu. Asiye na namba akamuulize mwenye namba. Bikira Maria atatusubiri, yeye ni mama, anajua.

Na akipokea, usimhubirie. Usimwambie umemwombea. Muulize kwanza kama amekula.